Dick Butkus, namba 51 wa Chicago Bears: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa anayeifahamu kandanda ya Marekani kiasi, amelisikia jina la Butkus, ameona video za dakika tatu ambamo watu wanarushwa huku na kule, na sasa anataka kujua ukubwa wa mchezaji huyu ulikuwa wapi hasa. Kwa maoni yetu ulikuwa katika hatua zake mbili za kwanza, kabla hajamgusa mtu, na katika mikono yake iliyoutafuta mpira kila mara. Video nyingi zinavikata vyote viwili.

Kwa kifupi, Butkus alikuwa nani?

Dick Butkus alizaliwa Chicago tarehe 9 Desemba 1942, katika familia yenye asili ya Lithuania, akakulia mtaa wa Roseland upande wa kusini wa jiji. Alisoma Chicago Vocational, kisha Chuo Kikuu cha Illinois, ambako alicheza nafasi mbili: senta (anayeanzisha mpira) katika mashambulizi na lainibeka katika ulinzi. Illinois ilitwaa ubingwa wa Big Ten, ligi ya vyuo vikuu, msimu wa 1963 na kuifunga Washington 17–7 katika Rose Bowl ya tarehe 1 Januari 1964. Mwaka huohuo wa 1964 alishika nafasi ya tatu katika kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vikuu, ambayo karibu kila mara huenda kwa wachezaji wa mashambulizi.

Bears walimchagua wa tatu katika usajili wa 1965 wa NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, na chaguo lililofuata palepale wakamchukua Gale Sayers. Denver Broncos wa ligi pinzani ya AFL nao walimchagua, lakini alibaki nyumbani. Alicheza misimu 9, 1965 hadi 1973, michezo 119, na kuitwa Pro Bowl, mchezo wa nyota wa ligi, mara 8. Aliingia Pro Football Hall of Fame mwaka 1979. Alifariki tarehe 5 Oktoba 2023 huko Malibu, California, akiwa na miaka 80.

Lainibeka wa kati anafanya kazi gani?

Ulinzi wa zama zile ulipangwa 4-3: watu 4 mstari wa mbele, malainibeka 3 nyuma yao, na walinzi 4 wa nyuma kabisa. Lainibeka wa kati husimama mkabala na senta wa wapinzani, yadi 3 hadi 5 nyuma ya mstari wa kuanzia. Mbio zikipita katikati ni zake. Zikienda pembeni lazima azifukuze katika uwanja wenye upana wa yadi 53 na theluthi, karibu mita 49. Ikiwa ni pasi, anarudi nyuma kulinda katikati. Yeye ndiye pia anayepanga wenzake kabla mpira haujaanzishwa.

Nafasi yenyewe ilikuwa bado changa. Bill George wa Bears hao hao ndiye anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake: miaka ya 1950 aliacha kusimama kwa mikono chini mbele ya senta, akarudi hatua kadhaa ili aweze kuzuia pasi fupi. Butkus ndiye aliyemrithi.

Nimezoea raga. Nimfananishe na nani?

Ukifikiria flanka namba 7, anayekimbilia kila mgongano na kutafuta mpira ulipo, umekaribia. Tofauti kubwa ni kuzuiwa. Katika raga, mtu asiye na mpira haruhusiwi kuzuiwa njia. Katika kandanda ya Marekani hiyo ndiyo kazi ya watu watano wa mbele mchezo mzima, na kabla lainibeka hajamfikia mbeba mpira lazima kwanza amalizane na mzuiaji mmoja au wawili wenye kilo zaidi ya 110. Ndiyo maana wanaohama kutoka raga hupata shida hapo kuliko kwenye kuangusha. Daniel Adongo wa Nairobi alitoka raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, akapangwa lainibeka wa pembeni. Kuangusha alikuwa anakujua tangu zamani, wazuiaji ndio waliokuwa wageni kwake.

Alijuaje mpira unakwenda wapi kabla haujafika?

Kwa kuwasoma senta na magadi, yaani wazuiaji wawili walio kando yake. Mbeba mpira anaweza kukudanganya kwa mabega na macho, lakini gadi ana kazi moja, na mguu wake wa kwanza huisema. Kanuni za msingi bado zinafundishwa hadi leo.

Gadi akikujia moja kwa moja huku ameinama, mbio zinakuja kwako: songa mbele umpokee kabla hajapata kasi. Gadi akiiacha nafasi yake na kukimbia sambamba na mstari, mpira unakwenda upande huo: mfuate, ukibaki nusu hatua nyuma ya mbeba mpira ili asikukate kwa kurudi ndani. Gadi akiinuka na kukaa kwa visigino, ni pasi: geuka urudi yadi 10 hadi 12 huku ukimtazama kotabeki, yaani mrusha pasi.

Tatizo ni kwamba wapinzani wanajua unasoma nini, nao wanakutegea. Kuna mbio za kuchelewesha, ambapo magadi wanajifanya wanalinda pasi, lainibeka anarudi nyuma, kisha kotabeki anampa mkimbiaji mpira katikati penye uwazi. Kuna mtego wa gadi: mlinzi wa mbele anaachwa apite bure, naye akishafurahi kupita anagongwa ubavuni na gadi aliyetoka upande wa pili. Kuna pasi inayoanza kwa sura ya mbio. Lainibeka anayesoma haraka bila subira huanguka katika mitego yote mitatu. Anayesubiri sana hufika mzuiaji ameshamkalia.

Butkus alikuwa na faida ambayo watu huisahau: alicheza senta miaka mitatu chuoni. Alijua uzito wa mtu anayejiandaa kusukuma mbele unavyolalia vidole, na wa anayejiandaa kurudi unavyohamia nyuma. Ukitazama filamu zake kwa makini utamwona akiinama na kuhama nusu yadi kabla mpira haujaanzishwa.

Mfano mzuri ni mbio za pembeni za Green Bay Packers wa Vince Lombardi, timu aliyokutana nayo mara mbili kila msimu. Magadi wote wawili huondoka kwenda kuongoza mbio, na takeli (mzuiaji aliye nje ya gadi) wa upande ule ndiye hupewa kazi ya kumfungia ndani lainibeka wa kati. Wengi walifungiwa kwa sababu walikimbia pembeni wakiwa wima na takeli akawakuta ubavuni. Dawa yake ni kuanza pale tu gadi anapogeuza nyonga, kupita mbele ya bega la takeli, na kumkuta mkimbiaji kabla hajachagua pengo. Hatua moja ya kuchelewa inatosha kumpa yadi 8.

Aliangushaje watu? Mbona inaonekana tofauti na wengine?

Walinzi wengi waliilenga miguu. Butkus aliingia akiwa wima kiasi, kifua kwa kifua, akazungusha mikono yote miwili kiwiliwili, akainua, kisha akaendelea kutembeza miguu mpaka chini. Aliweza kwa sababu ya umbo: urefu wa futi 6 na inchi 3 (sentimita 190), uzito wa ratili 245 (kilo 111), mikono mirefu. Kwa lainibeka wa 1965 hilo lilikuwa jitu.

Faida ya kwanza ni kwamba mbeba mpira husimama palepale. Anayekamatwa miguu huanguka mbele na kupata yadi moja au mbili za bure, na katika mchezo ambao unapewa majaribio manne kwa yadi 10, yadi mbili ni nyingi. Faida ya pili ndiyo kubwa: ukimkumbatia mtu juu, mikono yako iko mpira ulipo. Butkus aliukwanyua. Mara nyingi utauona mkono mmoja umeshika mwili na mwingine unachimba chini ya kwapa la mkimbiaji hadi wanapofika chini.

Hasara yake ni kwamba uzito wote wa mgongano unapita magotini, na anayesimama wima huonekana vizuri na mzuiaji anayekuja chini kutoka pembeni. Gharama hiyo aliilipa.

Takwimu zake ni zipi, na kwa nini zinaonekana chache?

Zilizo rasmi: pasi 22 alizonasa na mipira 27 iliyodondoka aliyoidaka. Jumla ni 49 katika michezo 119, yaani takriban mpira mmoja kila baada ya michezo miwili na nusu. Kwa mtu aliyesimama katikati ya msongamano, hiyo ni hesabu ya ajabu. Msimu wake wa kwanza peke yake alinasa pasi 5.

Ambazo hutazipata rasmi: idadi ya walioangushwa, makotabeki walioangushwa na mpira mikononi, na mipira aliyoidondosha kwa kuwapokonya wengine. NFL ilianza kuhesabu rasmi kuangushwa kwa kotabeki mwaka 1982, miaka 9 baada ya yeye kuacha. Hesabu inayotajwa sana ya watu 1,020 aliowaangusha peke yake na 489 kwa kusaidiana ilitokana na makocha waliohesabu kwa kutazama filamu, na kila klabu ilikuwa na namna yake. Usiitumie kumlinganisha na lainibeka wa leo, kwa sababu misimu yake ilikuwa ya michezo 14 na kipimo si kilekile.

Timu yake ilifungwa sana. Kwa nini aitwe mkubwa?

Ni kweli ilifungwa. Katika misimu yake 9 Bears walishinda michezo 48, wakapoteza 74 na kutoka sare 4. Hakucheza hata mchezo mmoja wa mtoano. Lakini angalia mlango ulivyokuwa mwembamba: mwaka 1965 Bears walishinda 9 na kupoteza 5, wakawa wa tatu upande wa Magharibi nyuma ya Packers na Baltimore Colts, na wakati huo ni mshindi wa kila upande tu aliyeendelea. Leo rekodi hiyo mara nyingi ingetosha kufuzu.

Mwaka 1969 ndio unaoeleza zaidi. Bears walishinda mchezo mmoja tu na kupoteza 13, na bado Butkus alipewa tuzo ya mlinzi bora wa NFL na shirika la habari la NEA. Akaipata tena 1970. Ushindi huo mmoja ulikuwa wa 38–7 dhidi ya Pittsburgh Steelers, na katika mchezo huo alimwangusha kotabeki Dick Shiner ndani ya eneo lake mwenyewe kwa pointi 2. Steelers nao walimaliza 1–13. Ikarushwa sarafu kuamua nani achague kwanza 1970, Steelers wakashinda, wakamchukua Terry Bradshaw. Bears wakaendelea kumtegemea namba 51 atafute mpira kwa ajili ya mashambulizi yasiyofunga.

Tena, tarehe 14 Novemba 1971 alifunga yeye mwenyewe pointi ya ushindi dhidi ya Washington. Matokeo yalikuwa 15–15, Bears wakijiandaa kupiga mpira wa nyongeza, uanzishaji ukaharibika, Bobby Douglass akaukimbilia mpira na kuurusha juu. Butkus, aliyekuwa amewekwa pale kuzuia tu, akaukimbilia akaudaka. Mchezo ukaisha 16–15.

Nizitazameje filamu zake ili nione alichokuwa anafanya?

Anza kwa kutafuta mchezo mzima au angalau mfululizo wa dakika 10 bila kukatwa. Mikusanyiko ya migongano ina madhara mawili: imepunguzwa kasi, hivyo huoni alivyowahi, na inaanzia pale anapogonga, wakati jambo lenyewe lilitokea sekunde mbili nyuma.

Kisha fuata utaratibu huu kwa kila mpira:

1. Simamisha picha kabla mpira haujaanzishwa. Mtafute 51 mkabala na senta. Katika filamu za rangi nyeusi na nyeupe namba hupotea, basi mtafute aliye katikati, peke yake, nyuma ya wale wanne.
2. Angalia yuko umbali gani kutoka mstarini, na kama amehamia upande wowote.
3. Cheza nusu sekunde tu, ukimtazama gadi, wala si kotabeki. Jiulize: mbele, pembeni, au nyuma?
4. Rudisha, utazame nusu sekunde hiyohiyo ukimwangalia Butkus. Linganisha hatua yake na ya gadi.
5. Endelea mpaka anapokutana na mzuiaji wa kwanza. Tazama mikono: anampiga bega na kumtoa upande, au anampita?
6. Mwisho ndipo utazame kuangusha, na hapo tazama mkono ulio karibu na mpira.

Mipira 20 kwa namna hii hukufundisha zaidi ya saa nzima ya kutazama kawaida. Usiruke ile aliyokosea. Makotabeki walimtega kwa pasi zenye sura ya mbio, na kuanzia 1971 utamwona akifika nusu hatua baadaye kuliko zamani. Akili ni ileile, mguu hauitikii. Inauma kutazama, lakini humwelewi bila misimu hiyo.

Alikuwa mchezaji mchafu?

Alikuwa mkali hadi ukingoni, na wapinzani wake kadhaa walimlalamikia waziwazi. Kumbuka sheria za wakati ule, ambazo ziliwapa walinzi ruhusa nyingi. Kumchapa mpinzani kofi la kichwani kulipigwa marufuku 1977. Sheria ya kutomgusa mpokeaji baada ya yadi 5 ilikuja 1978. Upande wa pili, wazuiaji nao hawakuruhusiwa kunyoosha mikono na kusukuma kwa viganja kama leo, ruhusa ambayo pia ilikuja 1978. Kwa hiyo walimpiga chini, magotini.

Hatuoni sababu ya kuupamba ukatili. Baadhi ya migongano inayosifiwa katika filamu zile ingetolewa adhabu ya yadi 15 leo, na ni sawa, kwa sababu ubongo wa mtu haurudi ukiharibika. Ustadi wa kusoma na wa kupokonya mpira hauhitaji migongano hiyo ili usifiwe.

Goti lake lilitokewa na nini?

Aliumia goti la kulia msimu wa 1970, akafanyiwa upasuaji baada ya msimu, na akacheza misimu mitatu zaidi. Upasuaji wa mishipa ya goti wa wakati ule haukuwa wa tundu dogo na kamera. Goti lilifunguliwa, na mara nyingi halikurudi lilivyokuwa. Mwaka 1973 hali ikawa mbaya kiasi kwamba katika mchezo dhidi ya Atlanta Falcons alitoka mwenyewe uwanjani. Aliacha mchezo 1974 akiwa na miaka 31, akaishtaki klabu akidai goti lake halikutibiwa ipasavyo. Kesi ikamalizwa kwa makubaliano ya dola 600,000.

Mwaka huohuo wa 1974 ligi iliwakataza wapokeaji wa pembeni kurudi ndani na kuwapiga malainibeka chini ya kiuno karibu na mstari. Kwake ilikuwa imechelewa.

Je, ndiye lainibeka bora wa wakati wote?

Inategemea unauliza kazi gani. Kwa kumshambulia kotabeki kutoka pembeni, jibu ni Lawrence Taylor wa New York Giants (1981–1993), mchezaji bora wa ligi nzima mwaka 1986. Timu pinzani zilibadili mpangilio wao wa kuzuia kwa sababu yake. Hiyo ni kazi nyingine kabisa. Kwa lainibeka wa kati, kundi la juu lina Joe Schmidt wa Detroit, Ray Nitschke wa Green Bay, Willie Lanier wa Kansas City, Jack Lambert wa Pittsburgh, na warithi wa Butkus mwenyewe, Mike Singletary na Brian Urlacher. Nitschke ana mataji. Lambert alirudi nyuma kulinda pasi vizuri zaidi. Singletary hakukosea kazi yake. Sisi tunamweka Butkus juu yao kwa sababu ya misimu sita ya mwanzo, 1965 hadi 1970, ambapo alisoma, akapita wazuiaji, akaangusha na kupokonya, vyote vinne kwa kiwango cha juu, bila timu ya kumbeba. Ukiweka mataji mbele, chagua Nitschke, hatutakubishia sana.

Angeweza kucheza leo?

Katika kuzuia mbio, ndiyo. Kilo 111 bado ni uzito mkubwa kwa lainibeka wa sasa. Shida ingekuwa pasi: timu za leo hutandaza wapokeaji watatu hadi watano, na lainibeka hulazimika kumfuata mtu mwepesi katika uwazi. Huenda angetolewa katika baadhi ya majaribio ya tatu. Lakini pasi 22 alizonasa zinaonyesha mtu aliyejua pa kusimama.

Nataka kuwafundisha vijana kusoma kama yeye. Nianzie wapi?

Anza bila kugongana kabisa. Weka watu watatu wacheze senta na magadi, na lainibeka umbali wa mita 4. Kocha asimame nyuma ya lainibeka na kuwaonyesha watatu hao vidole: kimoja mbele, viwili pembeni, vitatu nyuma. Mpira unapoanzishwa, lainibeka achukue hatua mbili tu kulingana na gadi, kisha asimame. Mipira 10, pumziko, mipira 10 tena. Akikosea zaidi ya mara 2 kati ya 10, punguza kasi ya magadi, usiongeze makelele. Akishazoea, ongeza udanganyifu mmoja tu, ule wa mbio za kuchelewesha.

Kosa la kawaida ni lainibeka kuanza kwa hatua ya nyuma ili apate msukumo. Mwekee kamba nyuma ya visigino. Akiigusa, mpira huo haukuhesabiwa. Mkifika kwenye kuangusha, kichwa kiwe pembeni na macho juu, bega ndilo liguse. Mbinu hii ya kusoma inafaa pia kwa wanaocheza kwa bendera kiunoni, mchezo utakaokuwemo katika Olimpiki za Los Angeles 2028.

Tuzo ya Butkus ni nini?

Hutolewa kila mwaka tangu 1985 kwa lainibeka bora wa vyuo vikuu. Baadaye iliongezewa vitengo vya sekondari na wachezaji wa kulipwa.

Nikitaka kumbukumbu yake halisi, nitafute nini?

Kadi yake ya kwanza (kadi ndogo ya picha ya mchezaji, ya kukusanywa) ni namba 31 katika seti ya kampuni ya Philadelphia ya 1966, yenye kadi 198. Ya Sayers ni namba 38 katika seti hiyohiyo. Kipimo halisi ni inchi 2.5 kwa 3.5. Pima kwanza, kwani nyingi zilikatwa kingo ili zionekane mpya na hupungua milimita moja au mbili. Kagua kama picha iko katikati. Halafu weka kikuza macho juu ya herufi za jina: maandishi ya zamani yana kingo safi na wino uliojaa, huku nakala iliyopigwa picha upya ikionyesha vitone hata ndani ya herufi. Jezi nyingi zenye namba 51 zinazouzwa sasa ni za kisasa. Bears waliistaafisha namba hiyo 1994, pamoja na 40 ya Sayers.